Mimea ya Kumbukumbu Hupimwaje?

Huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, Waefik walikuwa na mbegu ya sumu waliyoiita esere. Aliyetuhumiwa uchawi alinyweshwa maji yake: akitapika, hana hatia; akifa, kesi imekwisha. Mwaka 1855 tabibu Robert Christison wa Edinburgh alitafuna kipande kidogo ili ajionee. Mwili ukalegea, moyo ukaenda mrama, akayanywa maji aliyonyolea ndevu ili atapike.

Mwaka 1864 wanakemia waliipata fisostigmini ndani ya mbegu hiyo. Sumu hiyo huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva. Kwa mgonjwa wa Alzaima, maradhi yanayofuta kumbukumbu polepole, kemikali hiyo hupungua kwenye ubongo. Ndiyo maana wataalamu waliunda rivastigmini kwa kufuata mfano wa fisostigmini, na wengine wakapata galantamini kutoka ua dogo jeupe la nchi za Ulaya Mashariki. Dawa hizi hupunguza dalili kwa muda tu. Hazimponyi mgonjwa.

Upimaji wa mmea wa aina hii huanza shambani. Mmea hutambuliwa kwa jina lake la kisayansi na sampuli yake kuhifadhiwa, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili tofauti. Majani hukaushwa kivulini, husagwa na kulowekwa kwenye spiriti ili kupata dondoo. Kisha hufuata kipimo kinachotumika tangu 1961: kimeng'enya kikifanya kazi, maji ya kwenye kichupa hugeuka manjano; dondoo la mmea likikizuia, rangi huwa hafifu.

Rangi hiyo hafifu huwafurahisha watafiti, lakini bado ni habari ya kichupani. Dondoo hilohilo laweza kuharibu ini, au lisifike kabisa kwenye ubongo.

Mti wa ginkgo wa China ni ushahidi mzito kwamba mmea lazima upimwe kwa watu. Nchini Marekani, watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi waligawanywa kwa kura: wengine walipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya 2008 yalionyesha kuwa watu 277 wa kundi la ginkgo walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, dhidi ya 246 wa kundi la pili. Ginkgo haikuwakinga.

Tanzania ina Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ujuzi wa waganga unastahili heshima, na heshima ya kweli ni kuupima.

Mzazi akianza kusahau, apelekwe hospitali kwanza: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo au sonona huweza kusababisha hali hiyo, na vyote vinatibika. Kama anatumia mitishamba, daktari aambiwe ni ipi na kiasi gani, hasa akiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.