Katekista, nani alikupa mamlaka ya kumnyima mkeo Komunyo?

*Mama, mimi ni katekista hapa Mocímboa da Praia, Msumbiji. Tumerudi kutoka ukimbizini, jumuiya yetu imeanza upya, lakini tuna mgogoro. Katekista mwenzangu amesikia kwamba padri mmoja msomi wa Marekani ameandika kuwa Yakobo, Yose, Yuda na Simoni walikuwa ndugu wa Yesu wa tumbo moja. Mimi nasema huo ni uzushi. Maria ni Bikira daima. (...) Naumia kwa sababu siku hizi usafi umekuwa kitu kidogo. Nimeona nianzie nyumbani kwangu. Mke wangu alichukuliwa na waasi wa msituni mwaka 2020, akatoroka baada ya miezi saba. Nimemwambia asikomunike kwanza mpaka mambo yake yaeleweke. Naomba aya za Biblia za kumshinda mwenzangu.*

Mwanangu, nianze na ulichoomba, maana ni kifupi.

Padri huyo ni John P. Meier. Mwaka 1991 aliandika kwamba kwa njia za mwanahistoria peke yake, inaelekea zaidi walikuwa ndugu halisi. Fundisho la Kanisa halikubadilika kwa hilo. Tangu zamani Wakristo wa Mashariki wamesema hao ni watoto wa Yusufu wa ndoa ya kwanza. Mtakatifu Hieronimo, akimjibu Helvidio mnamo mwaka 383, alisema ni binamu. Sinodi ya Laterano ya mwaka 649 ikakiri kwamba Maria alibaki bikira hata baada ya kuzaa. Hata majirani zenu Wamwani, ambao ni Waislamu, hawana shaka kwamba alichukua mimba ya Isa akiwa bikira. Kwa hiyo imani yako haijatikiswa, na mwenzako si adui. Kaeni, someni pamoja.

Sasa turudi kwenye sentensi uliyoipita mbio.

Barua yako ilikuwa na kurasa nne. Yose na Simoni wamepata kurasa tatu na nusu. Mkeo, aliyekaa miezi saba mikononi mwa wauaji, akatoroka, akakutafuta mpaka akakupata, amepata mistari miwili. Hukuandika kama analala usingizi. Hukuandika kama anakula. Umeandika tu kwamba umemnyima Komunyo.

Kwa mamlaka gani? Kanuni ya 912 ya sheria ya Kanisa inasema kila mbatizwa asiyezuiwa na sheria anaweza, tena lazima, akubaliwe kupokea. Na wewe ndiye unayewafundisha watoto wa mafundisho kwamba dhambi ya mauti inataka mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue, na aridhie kwa hiari yake. Niambie, mkeo aliridhia lini? Mtu aliyefungwa kamba na kuongozwa porini kwa bunduki ameridhia nini? Mtoto wa Komunyo ya kwanza akikujibu kwamba huyo ameridhia, utampa maksi sifuri. Mbona nyumbani kwako unajipa kumi?

Na hayo "mambo yake" unayotaka yaeleweke, unataka yaeleweke kwa nani? Wewe unayajua tayari. Unachotaka ni kwamba akusimulie, moja baada ya jingine, ili wewe ukae kiti cha hakimu. Mwanangu, huo si usafi. Ni uchungu wako mwenyewe, uchungu wa mwanamume aliyeshindwa kumlinda mkewe siku ile, na umeuvika vazi la Bikira Maria ili usionekane. Nakuonea huruma kwa uchungu huo. Hakuna mume ambaye angeweza kusimama mbele ya bunduki zile. Lakini usimtwike yeye.

Maria unayemtetea alitoa jibu lake akiwa huru. Ubikira wake ni zawadi aliyoitoa mwenyewe. Kilichofanyika msituni ni unyang'anyi, na aliyenyang'anywa hajatoa kitu. Kanisa lililitambua hili mapema. Wagothi walipoiteka Roma mwaka 410, walibaka wanawake wengi, hata mabikira waliowekwa wakfu, na watu wakawacheka. Mtakatifu Augustino akawatetea katika kitabu cha kwanza cha *Mji wa Mungu*: usafi ni fadhila ya roho, na tamaa ya mtu mwingine haiwezi kumpokonya mtu usafi wake. Akaongeza mfano wa mkunga aliyemkagua msichana na kwa mkono wake akaiharibu alama ya mwilini. Msichana yule, anasema, hakupungukiwa na utakatifu wowote. Tangu wakati huo imepita miaka elfu moja na mia sita, na wewe katekista bado unakagua.

Kisha mtazame Yusufu. Alimkuta mchumba wake na mimba asiyoijua, malaika alikuwa hajamtokea, na bado Mathayo anasema hakutaka kumwaibisha. Yeye alikuwa hajui kitu. Wewe unajua kila kitu, lakini kila Jumapili unamwacha mkeo amekaa kwenye benchi huku wenzake wakipanga mstari, na kila jicho linauliza kwa nini. Hiyo ni aibu ya hadharani, na mwenye kuitengeneza ni wewe.

Kama unaogopa maradhi, nendeni hospitali mpimwe wawili, si yeye peke yake. Kama moyo wako umejaa, nenda kwa paroko. Na kwenu Wamakonde mjomba ana neno. Wajomba wa mkeo wakisikia umemtenga, watakuja kuuliza, na watakuwa na haki.

Kabla ya Jumapili ijayo mwambie kwamba hukuwa na mamlaka, na umwombe msamaha bila kuongeza "lakini". Halafu mwachie mwenyewe aamue kama atakomunika wiki hii au baadaye. Akitaka kusimulia, sikiliza mpaka mwisho. Asipotaka, usimwulize. Na akisema anataka kwenda kupumzika kwa wajomba zake, mpe nauli, umsindikize, na umuulize yeye lini angependa uje kumchukua.