Baiskeli ya Mbio ya Kaboni Kutoka Duka la Mtandaoni: Kuitafuta Bei ya Kweli

Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali ulikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Baiskeli za Barabarani, yakiwa ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Waliotazama waliwaona waendeshaji wakipanda vilima ambavyo mkazi wa Matwebe, wilayani Rungwe, hahitaji kuelezwa ugumu wake. Baiskeli walizotumia zimeundwa kwa nyuzi za kaboni, na za namna hiyo hutangazwa leo kwenye simu ya yeyote mwenye bando. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji aliyedunduliza fedha za chai, ndizi au mshahara, akakusudia kununua baiskeli ya aina hiyo kwa muuzaji ambaye hatamwona uso kwa uso.

Tuanze na sababu ya unafuu wa bei za mtandaoni. Duka la kawaida hulipa pango, humlipa fundi, hupima kimo cha mteja, huunganisha baiskeli na hupokea malalamiko. Kampuni kama Canyon ya Ujerumani zilijijengea jina kwa kuliondoa duka hilo katikati na kumuuzia mlaji moja kwa moja. Hilo ni halali, na unafuu wake ni wa kweli. Lakini kazi za duka hazitoweki; zinahamia kwa mnunuzi. Kupima, kuunganisha, kukagua, kulipa kodi na kudai haki baiskeli ikiwa na kasoro sasa ni juu yako, na kila moja ina gharama yake.

Gharama ya kwanza ni ya forodha. Ushuru wa bidhaa inayotoka nje hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na nauli na bima ya safari, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hutozwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru ndani yake. Tuchukue mfano. Baiskeli imetangazwa kwa shilingi 2,400,000, nauli ni 560,000 na bima 40,000. Jumla ni 3,000,000. Tuseme ushuru ni asilimia 10, yaani 300,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani itakuwa asilimia 18 ya 3,300,000, ambayo ni 594,000. Mlaji ametumia 3,894,000 kabla ya tozo nyingine ndogo, ada ya wakala na usafiri wa zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kiwango cha ushuru tulichotumia ni cha mfano tu. Kile halisi kiulize Mamlaka ya Mapato kabla ya kuagiza, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Kinachonunuliwa kwa fedha hizo nacho kinahitaji kueleweka. Fremu ya kaboni hutengenezwa kwa tabaka za nyuzi nyembamba zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu ndani ya kalibu. Nguvu yake hutegemea namna tabaka hizo zilivyopangwa, na mpangilio huo hauonekani kwa macho wala kwa picha. Fremu ya chuma hupinda kabla ya kuvunjika, na fundi wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Kaboni yaweza kupasuka ndani huku rangi ikiwa nzima juu, na haichomelewi. Kwa hiyo mnunuzi wa kaboni hununua zaidi ya kitu chochote uaminifu wa mtengenezaji.

Hapa tunaomba msomaji atenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Fremu isiyo na chapa maarufu, inayouzwa kwa jina la kiwanda chake, si bandia. Yaweza kuwa nzuri au mbaya. Fremu iliyobandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza ni bandia, na anayekubali kudanganya kuhusu jina hana sababu ya kusema kweli kuhusu tabaka za ndani. Fremu peke yake ya chapa inayojulikana mara nyingi huzidi dola 1,000. Ukiona baiskeli nzima yenye jina hilo inauzwa kwa theluthi ya kiasi hicho, usijipongeze kwa bahati. Mwombe muuzaji namba ya fremu, kisha umwandikie mtengenezaji mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake na kumuuliza kama anaitambua.

Katika mazingira ya Rungwe, hata hivyo, tunaona kwamba wanunuzi huzingatia mno fremu na kusahau gia na breki. Mji wa Tukuyu uko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Anayeteremka kuelekea Kyela huporomoka zaidi ya mita 1,000, na akirudi hana budi kuzipanda zote. Soma idadi ya meno katika maelezo ya bidhaa. Gia ndogo ya mbele yenye meno 34 ikiunganishwa na gia kubwa ya nyuma yenye meno 34, mzunguko mmoja wa pedali huzungusha gurudumu mara moja, yaani takriban mita 2.1. Mpangilio wa zamani wa mashindano, 39 mbele na 25 nyuma, hukudai mita 3.3 kwa mzunguko ule ule. Tofauti hiyo utaihisi magotini katika kilima cha kwanza, wakati gramu 400 zilizopunguzwa kwenye fremu huenda usizihisi kabisa.

Kuhusu breki tunatoa tahadhari bila kulegeza maneno. Usinunue magurudumu yenye rimu za kaboni zinazobanwa na pedi za breki ikiwa utaendesha katika miteremko mirefu yenye mvua. Rimu ikilowa, breki hukawia kushika. Ikikauka na kubanwa kwa muda mrefu, joto laweza kulainisha gundi inayoshikilia nyuzi. Breki za diski zinafaa zaidi. Zile za waya hutengenezeka kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida anavyo. Zile za mafuta hushika vizuri zaidi, lakini huhitaji mafuta ya aina maalumu, na ukikosea aina unaharibu mpira wa ndani. Angalia pia kama fremu inapokea tairi la upana wa milimita 30 au zaidi, kwa sababu si kila njia unayopita ina lami.

Kwa maoni yetu, mwenye bajeti ya wastani hupata thamani kubwa zaidi kwa fremu ya alumini yenye uma wa mbele wa kaboni na gia nzuri, kuliko kwa fremu ya kaboni iliyofungwa vifaa duni ili bei ishuke. Wala baiskeli ya kaboni haibebi mkungu wa ndizi. Kila mtengenezaji huweka kikomo cha uzito wa mwendeshaji pamoja na mzigo, na keria iliyofungwa kwa bolti pasipopangwa huponda tabaka.

Kabla ya kulipa, pima kimo chako na urefu wa mguu kwa ndani, ukilinganisha na jedwali la mtengenezaji huyo huyo. Saizi 54 ya kampuni moja si lazima iwe 54 ya nyingine. Uliza kwa maandishi nani atalipa nauli ya kurudisha fremu yenye kasoro. Dhamana ya maisha isiyogharimia safari ya kurudi Ulaya au China ni karatasi tu kwa mtu aliyeko Matwebe. Na usiridhike na ukubwa wa muuzaji: mwezi Oktoba 2023 Wiggle, miongoni mwa maduka makubwa ya baiskeli mtandaoni nchini Uingereza, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria kwa kushindwa kujiendesha.

Lipa kwa kadi, hata ile ya kidijitali inayounganishwa na akaunti yako ya simu, kwa kuwa malipo ya kadi yana utaratibu wa kupinga muamala kupitia aliyekupa kadi. Fedha iliyotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ni vigumu sana kurudi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora, bei au asili ya bidhaa, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Lakini mkono wa sheria hiyo humfikia kwa urahisi zaidi muuzaji aliyeko nchini kuliko aliyeko ng'ambo, na jambo hilo lina haki ya kuhesabiwa katika bei. Ukitumiwa ujumbe wa kitapeli ukidai ulipie "kukomboa mzigo", peleka namba hiyo kwenda 15040.

Mzigo ukifika, fungua boksi mbele ya aliyeuleta huku ukirekodi video. Kagua maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na kwenye ekseli ya pedali, kisha gonga taratibu kwa sarafu kila sehemu; mlio unaobadilika ghafla na kuwa mzito ni sababu ya kuuliza kabla ya kupanda. Kaza bolti kwa spana yenye kipimo cha nguvu, ukifuata namba zilizoandikwa kando ya kila bolti. Boksi lenyewe lihifadhi mahali pakavu, jambo lisilo dogo katika mvua za Rungwe, mpaka muda wa kurejesha bidhaa uishe. Wauzaji wengi hawaipokei baiskeli iliyorudishwa bila kifungashio kinachofaa.