Kuacha Kazi Si Kuacha Ujira

Katika nyumba nyingi twasikia neno hili: "Ameacha kazi mwenyewe, basi hana lake tena." Neno hili huwaumiza wengi, tena si la kweli. Mtu aliyetoa jasho lake mwezi mzima amekwisha kulitimiza patano kwa upande wake, na kuondoka kwake hakufuti deni la mwajiri. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha ya kuwa kumdhulumu mtu ujira wake ni kosa kubwa mbele ya Mungu. Nayo Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yatupasa kuijua.

Tuchukue mfano wa Kisiwa cha Mafia. Mtu wa bara huenda huko kufanya kazi katika hoteli ya Utende au duka la Kilindoni. Siku akiacha kazi, hupanda chombo kurudi Nyamisati, na tangu hapo bahari imemtenga na mdeni wake. Nauli ya kurudi kudai yaweza kumkatisha tamaa. Kwa hiyo kazi ya kudai huanza kabla ya kuondoka kisiwani.

Kwanza, aage kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi hutoa taarifa ya maandishi ya siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa juma, siku 4. Aliye bado katika mwezi wake wa kwanza, siku 7. Akikataa kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri aweza kukata fedha zake. Basi azitimize, na nakala ya barua, iliyotiwa sahihi ya kupokelewa, aitunze pamoja na mkataba na hati za mshahara.

Pili, ajue lililo lake. Ni lake malipo ya kila siku aliyofanya kazi, pamoja na malipo ya likizo aliyoistahili kadiri ya sheria. Sehemu ya likizo ambayo mwaka wake haujatimia huhesabiwa siku 1 ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 za kazi. Aliyefanya siku 130 ana siku 10. Ni chake pia cheti cha utumishi. Ikiwa aliajiriwa mahali pengine, aulizie usafiri wake na wa mizigo yake mpaka alikotoka. Tena aulize NSSF kama michango iliyokatwa katika mshahara wake ilifikishwa huko.

Tatu, asidai lisilo lake. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10, sheria humpa aliyeachishwa na mwajiri, wala si aliyejiondokea kwa hiari, isipokuwa mkataba wake wasema vingine. Dai la kweli lisichanganywe na la uongo. Lakini ikiwa mwajiri ndiye aliyeifanya kazi isivumilike hata mtu akalazimika kuondoka, hilo huweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa, na shauri lake ni jingine.

Nne, adai kwa maandishi, akitaja kila deni na kiasi chake. Asipolipwa, apeleke shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa Mkoa wa Pwani ina ofisi Kibaha. Hujaza fomu namba 1 ya Tume, na nakala humfikishia mwajiri. Muda wa madai ya namna hii ni siku 60. Wa kupinga kuachishwa isivyo haki ni siku 30. Hapa ndipo wengine hupotewa na haki yao: "njoo kesho" za mwajiri hula siku, na aliyechelewa hana budi kuomba ruhusa na kueleza sababu. Tume hutangulia kuwapatanisha. Wasipopatana, mwamuzi husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, ambayo hukaziwa kama hukumu ya mahakama. Mfanyakazi aweza kusimamiwa na chama chake, na wakili au na mtu aliyemchagua.

Mwisho, tujitazame sisi wenyewe. Mwajiri si mwenye hoteli tu. Msichana atufuliaye nguo na kutulelea watoto ni mfanyakazi mbele ya sheria hiyo hiyo, naye hana kalamu nyepesi ya kuandika madai. Siku anapoaga kwenda kwao, tusiseme ya kuwa ametukimbia. Tuketi naye, tumhesabie siku zake, tumlipe fedha zake mkononi kabla hajafunga mzigo wake. Haki ya maskini isingoje mpaka aitwe msuluhishi.