Alimtenga na Umati

Vijana wenzangu, kabla hujaendelea fungua Marko 7:31-37. Ni aya saba tu.

Mimi nina usonji. Mkesha mmoja wa Pasaka nilikaa katikati ya benchi, watu wanne kila upande. Utukufu ulipoanza, kengele zikalia mfululizo, taa zote zikawaka, kinanda, ngoma, vigelegele. Wenzangu walishangilia Ufufuko. Mimi niliziba masikio nikitetemeka, kisha nikawapita watu magotini na kukimbilia nje. Mama mmoja wa jumuiya yetu akanifuata: "We kijana, unamkimbia Yesu usiku wa Pasaka?" Sikumjibu. Nikizidiwa, maneno hunipotea kabisa.

Swali lake lilinitafuna. Jumapili mbili zilizofuata sikwenda Misa, nikijiona sistahili. Nilipokwenda kuungama, padre ndiye aliyenipa Injili hiyo ya Marko.

Angalia Yesu anavyofanya. Watu wanamletea kiziwi mwenye utasi, wanataka amwekee mkono palepale. Yeye anamtoa kwanza kwenye umati, wanabaki wawili. Marko hasemi kwa nini. Ila mtu yule alikuwa amezungukwa na vinywa vinavyotembea asivyovielewa, na Yesu hakumponya huku amebanwa hivyo. Halafu anatumia ishara: vidole masikioni, mate (hapo kusema kweli mimi ningeruka), anatazama juu, na neno moja tu, Efatha.

Basi nilielewa kwamba kutoka nje kidogo siyo kumwacha Yesu. Yeye mwenyewe alimtoa mtu nje ya umati.

Kwa asiyejua: wewe ukikaa kanisani, baada ya muda husikii tena feni, mtoto anayelia, wala viatu vya wahudumu. Akili yako imevisukuma pembeni. Yangu haisukumi. Vyote vinaingia kwa uzito uleule wa mahubiri, mpaka mahubiri yenyewe yanakuwa sauti isiyo na maana. Hiyo ndiyo dalili yangu ya kwanza, na nimejifunza kutoka hapohapo, nisingoje mikono ianze kutetemeka.

Siku hizi nasali Misa ya kwanza asubuhi, watu ni wachache na spika haijafunguliwa mpaka mwisho. Jumamosi jioni pia inafaa. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inakubali Misa ya jioni ya siku iliyotangulia. Nakaa mwisho wa benchi, karibu na mlango wa pembeni. Pamba masikioni. Rozari mfukoni, nazisugua punje zake hata kama sisali, zinanituliza. Wakati wa kutakiana amani nainamisha kichwa badala ya kupeana mikono, na majirani wameshazoea. Ikibidi kutoka, nasimama chini ya mti, napumua taratibu, narudi. Kuna siku sirudi.

Na wewe usiye na usonji, ukimkuta mwenzako nje amejishika kichwa, usimwulize maswali kumi. Usimshike bila kumwomba. Simama hatua chache, mwambie tu "nipo hapa," kisha nyamaza.

Yule mama nilimweleza haya yote baadaye, kwa barua, maana kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema. Hakujibu kitu. Ila Jumapili iliyofuata nilikuta ameweka kitenge chake mwisho wa benchi, kunishikia nafasi.