Oktoba 14: Siku iliyojitokea na siku iliyochaguliwa

MIONGONI mwa vitu ambavyo redio, magazeti na siku hizi simu za mkononi hutuletea kila asubuhi ni orodha ya matukio ya "siku kama ya leo". Fulani kazaliwa, fulani kapinduliwa, meli imezama, nchi imepata uhuru. Orodha hizo zina faida yake, na sina ugomvi na mwenye kuzisoma. Tatizo huja pale msomaji anapoanza kuhisi kwamba matukio yaliyokutana katika tarehe moja yana siri baina yao. Wapo wanaokwenda mbali zaidi wakasema tarehe fulani ina mkosi au ina baraka, kwa sababu tu ya waliozaliwa au kufa ndani yake.

Tuchukue mfano wa karibu. Kwa watu wa Mara, Oktoba 14 haihitaji utambulisho. Alhamisi ya Oktoba 14, 1999 Mwalimu Julius Nyerere alifariki katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alikokuwa akitibiwa saratani ya damu. Alikuwa na umri wa miaka 77. Oktoba 23 akazikwa nyumbani kwake Mwitongo, Butiama. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa, na anayetoka Mwanza kwa basi akaipita Bunda anajua kuwa kabla hajafika Musoma kuna Makutano, penye njia ya kuingilia Butiama.

Sasa tazama nini kingine kimo ndani ya tarehe hiyo hiyo. Oktoba 14, 1963 wapiganaji wa milima ya Radfan, kaskazini ya Aden, walianza mapambano ya silaha dhidi ya Waingereza, na Wayemeni wanaiadhimisha siku hiyo kuwa ni siku ya mapinduzi yaliyowafikisha kwenye uhuru Novemba 30, 1967. Oktoba 14, 1964 ilitangazwa huko Norway kuwa Martin Luther King amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na siku hiyo hiyo Nikita Khrushchev akaondolewa madarakani kule Moscow. Oktoba 14, 1981 Hosni Mubarak aliapishwa kuwa rais wa Misri, siku nane baada ya Anwar Sadat kuuawa kwa risasi. Oktoba 14, 1994 tuzo ile ile ya amani ikatangazwa kwa Yasser Arafat na Waisraeli wawili, Yitzhak Rabin na Shimon Peres. Amani yenyewe wasomaji wanajua iliishia wapi.

Kisha ikaja Jumamosi ya Oktoba 14, 2017. Lori lililojazwa milipuko lililipuka katika makutano ya Zoppe mjini Mogadishu, mahali penye maduka, hoteli na msongamano wa magari. Kamati iliyochunguza ilitaja idadi ya waliokufa kuwa watu 587. Wengi walikuwa wapita njia, wachuuzi, abiria na wanafunzi. Afrika Mashariki haijawahi kuona bomu moja lililoua watu wengi kiasi hicho, na karibu wote walikuwa Waislamu waliouawa na watu wanaodai kuupigania Uislamu.

Je, kuna uzi gani unaounganisha kifo cha mzee aliyekuwa mgonjwa London, vita vya Radfan, kiapo cha Cairo na damu ya Mogadishu? Hakuna. Mwaka una siku 365 au 366, na dunia ina matukio yasiyohesabika. Ni lazima kila siku ibebe mzigo wake.

Walimu wa hesabu wana somo zuri juu ya jambo hili. Chukua darasa la wanafunzi 23 tu. Uwezekano wa kuwepo wawili waliozaliwa tarehe moja unazidi nusu. Watu hawaamini wakiambiwa, kwa sababu kila mmoja hufikiria tarehe yake peke yake. Lakini wanafunzi 23 wanafanya jozi 253, na kila jozi ni nafasi mpya ya tarehe kugongana. Wakifika 57 uwezekano unapita asilimia 99. Kwa madarasa yetu yalivyojaa, mwalimu wa Musoma au Bunda hana haja ya kikokotoo. Anaweza kuwauliza wanafunzi wenyewe, ilimradi wawe wanazijua tarehe zao za kweli na si zile zilizoandikwa siku ya kuandikishwa shule.

Sisi Waislamu mafunzo ya jambo hili tunayo tangu karne ya kwanza. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (s.a.w.). Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakaunganisha mambo mawili: jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Tafakari, ndugu msomaji, ni fursa ya namna gani hiyo kwa kiongozi mwenye kutaka kutukuzwa. Angenyamaza tu, habari ingeenea yenyewe. Lakini Mtume, naye yumo katika huzuni ya kumzika mwanawe, aliwaswalisha, kisha akawafahamisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Hadithi hii imo ndani ya Bukhari na Muslim.

Pamoja na hayo bado tumekuwa wepesi wa kurundika. Ashura ni mfano wa wazi. Lililothibiti ni kwamba siku ya 10 Muharram Nabii Musa na watu wake waliokolewa na Firauni, na kwa ajili hiyo ikafungwa. Karibu miaka hamsini baada ya Mtume kufariki, mwaka wa 61 Hijria, mjukuu wake Hussein akauawa Karbala siku hiyo hiyo. Juu ya hayo mawili yakaongezwa mengi: ndiyo siku Adam aliyosamehewa, Safina ya Nuhu iliyotua, Ibrahim aliyotoka motoni, Yunus aliyotoka tumboni mwa samaki. Wanazuoni wa Hadithi, akiwemo Ibn al-Jawzi, waliziweka simulizi ndefu za namna hiyo katika fungu la hadithi za kutungwa. Kila Muharram ikiingia ujumbe wenye orodha hiyo unazunguka tena kwenye simu, na wa kuuliza sanadi ni wachache.

Kuna swali jingine ambalo mwenye orodha za "siku kama ya leo" halijibu: siku moja kwa kalenda ya nani? Oktoba 14, 1999 ilikuwa 4 Rajabu 1420. Ile ya Radfan ya 1963 ilikuwa tarehe 25 hivi ya Jumada ya kwanza 1383, yaani Mfunguo Nane kwa hesabu za wazee wetu wa pwani. Ile ya Mogadishu ilikuwa 23 au 24 Muharram 1439, kutegemea muandamo. Matukio yanayoitwa ya siku moja yameangukia miezi mitatu tofauti. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka unaupisha wa jua kwa siku kama 11. Rajabu 4 iliyofuata kifo cha Mwalimu ilikuja mwanzoni mwa Oktoba 2000, kabla ya maadhimisho ya serikali. Kwa hiyo "siku moja" inayotushangaza imetengenezwa na namna tulivyoigawa miaka.

Nitoe mfano utakaowasisimua baadhi ya watu. Tarehe rasmi ya kuzaliwa Nyerere ni Aprili 13, 1922. Ukiipeleka kwenye Hijria kwa hesabu inaangukia 15 Shaaban 1340, Nisfu Shaaban, pengine siku moja mbele au nyuma. Tena Aprili 13, 1979, siku aliyotimiza miaka 57, Yusuf Lule aliapishwa Kampala kuwa rais wa Uganda, siku mbili baada ya majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni kuuteka mji huo. Mwenye kutaka kutengeneza muujiza hapa ana malighafi ya kutosha. Lakini mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki hakuchagua siku ya kuzaliwa, na Kampala ilianguka Aprili 11 kwa sababu za kivita. Nisfu Shaaban ya 1340 walizaliwa watoto wengi katika vijiji vyote vya Mara, na hakuna aliyewaandika.

Hadi hapa nimezungumzia siku zilizojitokea. Zipo siku zilizokutana kwa sababu wanadamu walizikutanisha, na hizo ndizo zenye kuhitaji kusomwa kwa makini zaidi.

Iangalie Februari 5. Chama cha Afro-Shirazi kinahesabu kuzaliwa kwake Februari 5, 1957. Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mwishoni mwa Januari 1967, lakini likatangazwa kwa wananchi Februari 5. Miaka kumi baadaye, Februari 5, 1977, TANU na ASP vikaunganishwa ikazaliwa CCM. Matukio matatu, miaka kumi kumi. Hapo mtu asiseme sadfa. Waliounda chama kipya waliitaka tarehe ambayo tayari ilikuwa na uzito, Zanzibar na Bara.

Oktoba 14 nayo imepitia njia hiyo. Ilianza kwa ajali yake, maana hakuna aliyepanga siku ya kufa Mwalimu, kisha ikachaguliwa. Mwenge wa Uhuru, ambao uliwashwa mara ya kwanza juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, ulihusiana na siku ya uhuru, lakini kilele cha mbio zake kimekuwa kikifanyika Oktoba 14. Huko Mogadishu, mtu aliyehukumiwa kwa kuhusika na mlipuko wa Zoppe alipigwa risasi Oktoba 14, 2018, siku ulipotimia mwaka mmoja. Hilo pia lilipangwa.

Basi ukisoma kwamba mambo mawili yametokea siku moja, anza kwa kuuliza nani aliyekuwa na uwezo wa kuipanga siku ya lile la pili. Ukikuta hakuna, furahia sadfa yako na uendelee na shughuli. Ukikuta yupo, hapo ndipo penye historia.

Na mwenye kuchagua siku za kukumbukwa huacha nyingine. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Nchi ilikuwa imelenga kuwafikishia watoto wote elimu ya msingi mwaka 1989. Kikao cha Musoma kikaivuta shabaha hiyo hadi Novemba 1977, miaka mitatu tu. Kikaamua pia kuwa anayemaliza sekondari asiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza akafanye kazi. Madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wa UPE wakafunzwa haraka haraka, na watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika chaki wakaingia darasani, wa Kiislamu na wa Kikristo, wa mjini na wa vijijini. Ubora wa elimu ile unabishaniwa hadi leo, na ubishi huo una msingi. Lakini kwa uamuzi uliogusa nyumba nyingi, sijui kama kuna uliozidi huo kufanyika katika ardhi ya Mara.

Azimio la Musoma halina sikukuu. Mtu mzima wa Bunda aliyeanza darasa la kwanza wakati ule atakueleza habari za madawati yaliyopungua, shamba la shule na mwalimu aliyekuwa kijana karibu sawa na kaka yake. Muulize tarehe ya azimio lenyewe, atakutajia mwaka. Vitabu navyo mara nyingi huandika Novemba 1974 na kuishia hapo.