Gwaride la Berlin na msafara wa Abu Jahl: Tunajifunza nini?

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu msomaji, Oktoba 7, 1989 Ujerumani Mashariki, dola ya kikomunisti, ilitimiza miaka 40. Askari, vifaru na makombora vilipita barabara ya Karl-Marx-Allee mjini Berlin. Jukwaani walikuwapo Erich Honecker, mkuu wa nchi, na mgeni wake Mikhail Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti. Aliyelitazama gwaride lile angedhani dola ile imejengwa juu ya mwamba. Siku 11 baadaye Honecker aliondolewa madarakani. Siku ya 33 ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Oktoba 3, 1990, siku nne kabla ya kutimiza miaka 41, nchi yenyewe ikafutika kwenye ramani.

Huenda mtu akauliza: habari hizi zinatuhusu nini sisi wa Nachingwea na Ruangwa? Zinatuhusu. Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, na Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa waliowaunga mkono. Msumbiji ilipata uhuru 1975, na kwa mkataba wa 1979 maelfu ya vijana wake walipelekwa kufanya kazi katika viwanda vya Ujerumani Mashariki. Sehemu ya mshahara wao ilikatwa, wakaahidiwa kuwa watalipwa wakirudi kwao. Kumbe fedha zile zilikuwa zikihesabiwa katika deni la nchi yao. Dola ile ilipoanguka wengi walirudi mikono mitupu, na kwa miaka mingi wameandamana Maputo wakidai jasho lao. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.

Je, dola ile ilikosa nini? Haikukosa nguvu. Wizara ya usalama peke yake ilikuwa na watumishi wapatao 91,000 katika nchi ya watu wapatao milioni 16. Ilikosa imani ya watu wake. Hungary ilipofungua mpaka Septemba 1989, raia walikimbia kwa maelfu. Usiku wa sherehe zenyewe polisi waliwapiga waandamanaji mjini Berlin. Siku mbili baadaye watu wapatao 70,000 wakaandamana Leipzig bila silaha, na askari hawakufyatua risasi.

Katika Suratul Anfal (8:47) Allah (SW) anawakataza waumini wasifanane na wale waliotoka majumbani mwao kwa majivuno na kujionesha kwa watu. Wanaokusudiwa ni Makuraishi wa Badr, mwaka wa 2 Hijria. Abu Sufyan aliwatumia habari kuwa msafara wa biashara umesalimika, warejee Makka. Abu Jahl akakataa. Alitaka wafike Badr, wakae siku tatu, wachinje ngamia, wanywe pombe na kuimbiwa, ili Waarabu wote wasikie na wawaogope. Walikuwa kiasi cha 1,000 dhidi ya Waislamu 300 na ushei. Lile likawa gwaride lake la mwisho.

Atasema mtu: kwani Uislamu unakataza kuonesha nguvu? La. Suratul Anfal hiyo hiyo (8:60) inaamrisha kuandaa nguvu. Na mwaka wa 8 Hijria, siku ya kufunguliwa Makka, Mtume (SAW) aliagiza Abu Sufyan asimamishwe bondeni alione jeshi la watu 10,000 likipita. Tofauti iko wapi? Jeshi lile lilioneshwa ili damu isimwagike. Mtume (SAW) aliingia Makka ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, akawasamehe waliomfukuza. Nyuma ya safu zile palikuwa na uadilifu.

Sasa tujitazame. Huonekana madrasa ikiandaa hafla kubwa: mabango, vipaza sauti, sare mpya, mgeni rasmi, wanafunzi wakipita kwa mistari mitaani. Hafla yenyewe si kosa. Lakini kesho yake ustadhi hana posho ya miezi mitatu, watoto wanakaa juu ya mkeka uliochanika, na waliochangia hawasomewi mapato na matumizi. Mzazi akiuliza anaambiwa analeta fitna. Hapo tumeshika njia ya jukwaa la Berlin: waliouliza walionekana maadui, na viongozi wakabaki kupigiwa saluti.

Basi kabla ya kukodi vipaza sauti, kamati imlipe ustadhi. Kabla ya kumwalika mgeni rasmi, hesabu zisomwe msikitini mbele ya waumini. Likibaki la sherehe, sherehe ifanywe.

Allah (SW) atukinge na riya, na atujaalie uadilifu katika kila amana tuliyopewa. Wallahu a'lam.