Kilimia na Ramani za Nyota za Kale

Ndugu mkulima, jioni moja ya mwezi wa Novemba toka nje utazame mashariki. Utaona fungu dogo la nyota zilizosongamana kama punje kiganjani. Hicho ndicho Kilimia, na jina lake latokana na neno kulima. Waarabu hukiita Thuraya.

Wagiriki wa kale walisema nyota hizo ni mabinti saba wa Atlas, jitu lililobeba mbingu mabegani. Mwindaji Orion aliwafukuza, hata Zeus akawageuza njiwa, kisha nyota. Lakini ukihesabu, labda utaona sita tu. Hadithi yajibu kwamba Merope hujificha kwa haya, kwa kuwa dada zake waliwapata miungu naye akaolewa na binadamu. (Mwite mtoto mwenye macho makali ahesabu, huenda akakushinda.)

Hesiod, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 700 kabla ya Kristo, aliwafundisha wakulima kuvuna nafaka Kilimia kinapochomoza alfajiri, na kulima kinapozama alfajiri. Baadaye, karibu mwaka 150, Ptolemy wa Alexandria, Misri, aliandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika mafungu 48. Mwaka 964 al-Sufi wa Uajemi alichora kila fungu mara mbili: kama mtu aonavyo akiwa chini, na kama lionekanavyo juu ya tufe, ambapo kushoto huwa kulia. Asiyejua jambo hilo akishika picha ya pili atatafuta nyota upande usiopo.

Basi hata shauri la Hesiod lina mahali pake. Hapa Kenya Kilimia hupotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei, kikaonekana tena alfajiri mwezi wa Juni. Ukivuna wakati huo katika nyanda za juu, utakuta mahindi mabichi. Ukingoja wakati huo ndipo upande, mvua ndefu imekwisha kukupita, na mbegu ulizonunua kwa mkopo zitakauka ardhini. Nyota hutunza tarehe, mawingu hayazifuati.

Chukua daftari. Andika siku uliyokiona Kilimia alfajiri kwa mara ya kwanza, siku mvua ilipoanza, na siku uliyopanda. Baada ya miaka mitano utaona kwamba siku ya Kilimia haikusogea sana, bali ile ya mvua yaweza kuwa imeruka kwa majuma.